Mashine isiyoijua Bariadi: namna ya kuitumia akili mnemba mkoani Simiyu

Tarehe 30 Novemba 2022, wakulima wa Simiyu wakiwa katikati ya msimu wa kupanda pamba, kampuni ya OpenAI ya Marekani iliifungulia dunia ChatGPT. Mwaka huohuo programu za kutengeneza picha kwa maneno, DALL-E, Midjourney na Stable Diffusion, zilikuwa zimeshaanza kutumiwa na watu wa kawaida. Zikafuata Gemini ya Google, Claude ya Anthropic na nyingine nyingi. Leo yeyote mwenye simu janja na bando dogo, awe Somanda, Lamadi au Mwanhuzi, anaweza kuandika swali kwa Kiswahili na kupata jibu refu, lenye adabu na lililonyooka, ndani ya sekunde chache.

Kunyooka huko ndiko kunakotutia matatani. Sisi binadamu tumezoea kumwamini msemaji fasaha, na mashine hizi ni fasaha hata pale zinapokosea. Swali la kujiuliza, basi, ni hili: mwalimu, mkulima, mwenye duka na kijana anayetafuta kazi mkoani Simiyu wanufaikeje nazo bila kupotoshwa? Jibu langu ni moja. Ipe mashine kazi ya kupanga, kufupisha, kutafsiri na kusahihisha yale unayoyajua wewe au uliyonayo mkononi. Usiipe kazi ya kukujuza jambo usiloweza kulihakiki.

Sababu iko katika namna zilivyotengenezwa. Zilisomeshwa maandishi mengi mno ya kwenye intaneti na vitabuni, na kazi yake ya msingi ni kukisia neno linalofaa kufuata neno lililotangulia. Hazina shamba, hazina daftari la mahudhurio, hazina mtu wa kumpigia simu Nyashimo kuuliza kama mvua imenyesha. Kilichoandikwa mara nyingi huzijia vizuri. Kiingereza kimeandikwa mara nyingi mno. Kiswahili kwa uchache. Habari za Simiyu kwa uchache zaidi. Na Kisukuma, lugha yenye wasemaji wengi kuliko lugha zote za makabila ya Tanzania, karibu hakimo.

Chukua jambo dogo la anwani. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi Machi 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa wilaya za Shinyanga, na eneo la Busega lilikuwa sehemu ya Magu mkoani Mwanza. Ripoti na tafiti za miaka mingi zinasema hivyo, na zilikuwa sahihi zilipoandikwa. Mashine iliyozisoma zote kwa pamoja inaweza kukuandikia barua nzuri kabisa ya kuomba mkopo inayoiweka Bariadi ndani ya Shinyanga. Mkazi wa Bariadi atalicheka kosa hilo na kulifuta. Lakini akiulizia wilaya ya Peru au kipimo cha dawa ya ng'ombe, atajuaje?

Zipo pia nyakati ambapo mashine hubuni kabisa. Mwaka 2023 mawakili wa New York waliwasilisha mahakamani hoja iliyotaja kesi kadhaa za zamani walizopewa na ChatGPT. Kesi hizo hazikuwahi kuwepo. Majina ya wadaawa, tarehe na maneno ya majaji vilikuwa vimetungwa, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Hao ni watu waliosomea sheria. Kilichowaponza ni kuiuliza mashine kama kesi zile ni za kweli, ikajibu kuwa ni za kweli, wakaridhika. Mashine haiwezi kuwa shahidi wa maneno yake yenyewe.

Pamba inalionyesha jambo hili wazi kuliko kitu kingine, na Simiyu ndiyo mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini. Tuseme mkulima wa Itilima anaiuliza mashine namna ya kupambana na funza wa vitumba. Sehemu kubwa ya maandishi ya dunia kuhusu pamba imetoka Marekani na India. Marekani ilianza kulima pamba ya Bt, iliyobadilishwa vinasaba ili ijikinge na funza, mwaka 1996, na India ikafuata mwaka 2002. Huko leo karibu pamba yote ni ya namna hiyo. Tanzania haijaruhusu mbegu hizo kulimwa kibiashara. Mkulima wetu anapanda UKM08, mbegu iliyotokana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru. Ushauri wa kununua mbegu inayojikinga na funza ni sahihi Texas na Gujarat, na Itilima haumsaidii mtu. Pamba ya Texas tena huvunwa kwa mashine, kwa hiyo maandishi yake yamejaa dawa za kupukutisha majani kabla ya mavuno. Simiyu pamba inachumwa kwa mkono. Mkulima akienda dukani kuulizia dawa ya kupukutisha majani, amepoteza nauli na siku ya kazi.

Nafasi za kupandia ni hivyohivyo. Bodi ya Pamba imekuwa ikihimiza sentimita 60 kwa 30 badala ya 90 kwa 40 iliyozoeleka zamani. Kwa miche miwili kila shimo, hiyo ni takriban miche 44,000 kwa ekari badala ya 22,000. Tofauti hiyo ni mara mbili, na ndani yake kuna mbegu, palizi na pesa. Mashine isiyoambiwa chochote inaweza kuchagua nafasi ya zamani, au ya nchi nyingine, au kuchanganya hekta na ekari katikati ya hesabu. Hapa mkulima ana kinga nzuri: hesabu hii inakaguliwa kwa kikokotoo cha simu. Zidisha 0.6 kwa 0.3, gawanya mita za mraba 4,000 za ekari kwa jibu utakalopata, kisha zidisha kwa mbili. Jibu la mashine likiwa mbali na hapo, usiendelee nalo.

Meatu kuna mfano mzito zaidi. Kampuni ya bioRe, yenye makao Mwamishali, imekuwa ikifanya kazi na wakulima wa pamba hai tangu mwaka 1994. Pamba hai hailimwi kwa viuatilifu wala mbolea za viwandani. Mkulima aliyemo katika mpango huo akiuliza juu ya vidukari bila kutaja kuwa pamba yake ni hai, atapewa jina la sumu, kipimo chake na muda wa kupulizia, vyote kwa mpangilio wa kupendeza. Akifuata, anaweza kuondolewa katika mpango na kupoteza soko alilolijenga kwa miaka. Na hapo mashine haitakuwa imesema uongo. Imejibu swali ililoulizwa, na jambo kubwa kuliko yote halikutajwa.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza wa vitendo ni kuipelekea mashine Bariadi yenyewe. Usiandike tu "nilimeje pamba". Andika hivi: "Mimi ni mkulima wa pamba wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu, Tanzania. Nina ekari 3, mbegu ni UKM08 isiyobadilishwa vinasaba, sina umwagiliaji, nachuma kwa mkono. Nimekuwekea hapa picha za kipeperushi cha Bodi ya Pamba. Jibu kwa kutumia kipeperushi hiki tu. Jambo ambalo halimo, sema halimo. Kabla ya kujibu, niulize maswali unayohitaji." Maelekezo haya yanabadilisha kazi yenyewe. Mashine haitafuti tena katika kumbukumbu zake za Texas. Inasoma karatasi uliyoipa na kukufafanulia. Programu nyingi za sasa husoma picha, hivyo kipeperushi ulichopewa na afisa ugani, ukikipiga picha kwenye mwanga mzuri, kinatosha. Na ile sentensi ya mwisho, ya kuitaka ikuulize kwanza, ina faida kubwa, kwa sababu maswali yake hukukumbusha mambo uliyoyaona ya kawaida ukasahau kuyataja.

Udongo nao ueleze kama unavyouona kwa macho yako. Wasukuma wana majina yao ya udongo, luseni, itogolo, ibambasi, mbuga, na kila jina limebeba ujuzi wa vizazi juu ya zao gani linafaa wapi. Mashine haina uhakika wowote na majina hayo. Mwambie mzee aliyekufundisha shamba akueleze, kisha uiandikie mashine sifa zenyewe: udongo mweusi, unapasuka kiangazi, unatuamisha maji masika. Hapo itakuelewa, kwa kuwa sifa hizo zimeandikwa kwa lugha inazozijua.

Mambo ya bei na tarehe yaondoe kabisa katika orodha ya maswali. Kila mashine ina siku ambayo masomo yake yaliishia, na isipotafuta mtandaoni itakupa bei ya msimu uliopita kana kwamba ni ya leo asubuhi. Bei ya pamba iulizie kwenye chama chako cha ushirika (AMCOS), na nauli ya Mwanza iulizie stendi.

Ipo akili mnemba ya namna nyingine ambayo mkulima anaweza kuiegemea zaidi, nayo ni ile iliyofundishwa kazi moja kwa vielelezo vya kwetu. PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na watafiti wa IITA na FAO, ilifundishwa kutambua batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo kwa picha za mihogo zilizopigwa Tanzania. Inazungumza Kiswahili, na inafanya kazi hata pasipo na mtandao. Unaelekeza kamera kwenye jani nayo inakuambia inachokiona. Haiwezi kukuandikia barua wala kukuchorea kadi ya harusi, na katika muhogo naithamini kuliko chatiboti yoyote ya jumla, kwa sababu imeona majani ya ardhi hii.

Afya naipitia kwa ufupi kwa kuwa msimamo wangu ni mkali: dozi ya dawa usiulize mashine, iwe ya mtoto, ya mjamzito au ya mgonjwa wa sukari. Nenda zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Wanaotaka kuona namna inavyoweza kutumika salama watazame Kenya, ambako Jacaranda Health huwahudumia wajawazito na wazazi wapya kwa ujumbe mfupi wa simu, na mwaka 2023 ilitoa UlizaLlama, mashine iliyofundishwa kujibu maswali ya uzazi kwa Kiswahili. Katika mpango ule mashine husaidia kuchambua maswali na kuandaa majibu, na yenye dalili za hatari hupelekwa kwa wahudumu wa afya walioko nyuma yake. Chatiboti ya kwenye simu yako haina muuguzi nyuma yake. Inachoweza kukufaa ni kukuandalia maswali ya kumuuliza daktari, au kukufafanulia kwa Kiswahili chepesi neno la Kiingereza alilokuandikia kwenye cheti.

Mahali ambapo naona faida kubwa na hatari ndogo kwa mtu wa Bariadi ni kwenye karatasi. Maisha ya mji unaokua yana karatasi nyingi: barua ya maombi, muhtasari wa kikao, katiba ya kikundi, andiko la mradi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu; utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Vikundi vingi vina mradi mzuri na havina mwandishi. Kikundi cha akina mama wanaokamua alizeti kinajua kila kitu kuhusu alizeti: gunia linanunuliwa shilingi ngapi, linatoa mafuta lita ngapi, mashudu yanauzwa kwa nani. Kinachokosekana ni kuyapanga maelezo hayo kwa mtindo ambao kamati inautaka. Hiyo ndiyo kazi hasa ya mashine.

Namna nzuri ni kuanza kwa kuzungumza. Mmoja wenu asimulie mradi kwa maneno ya kawaida, mwingine aandike au atumie kipaza sauti cha simu, bila kujali mpangilio. Kisha iambieni mashine: panga maelezo haya kuwa andiko la mradi la kurasa tatu, usiongeze takwimu yoyote ambayo hatukukupa, pale panapohitaji takwimu tusiyoitaja, acha nafasi na uandike "jazeni". Msipoweka sharti hilo mtaletewa andiko lenye faida ya asilimia kadhaa, idadi ya wateja na makadirio ya miaka mitano, vyote vimetungwa. Andiko kama hilo linaweza kupita mezani, lakini kamati ikija kuwahoji, hakuna mwanachama atakayeweza kulitetea, na mkopo mkiupata mtaulipa kwa faida halisi, si ile ya karatasini. Likishakamilika, igeuzeni mashine iwe mkaguzi: "Soma andiko hili kama mjumbe mkali wa kamati ya mikopo. Utatuuliza maswali gani? Udhaifu uko wapi?" Swali la namna hii ni bora kuliko kuuliza "andiko letu ni zuri?" kwa sababu mashine hupenda kumkubalia anayeiuliza. Mahesabu ya kikundi, michango, riba na gawio, yafanyeni kwa kikokotoo na daftari. Mashine za maneno zinaweza kukosea kujumlisha orodha ndefu, na kosa la shilingi elfu kumi linaweza kuvunja kikundi cha VICOBA kilichodumu miaka.

Kijana anayeomba kazi kupitia Sekretarieti ya Ajira atumie kanuni hiyohiyo. Mashine itamsaidia kuandika wasifu kwa Kiingereza safi na kumfanyisha mazoezi ya usaili kwa kumuuliza maswali moja baada ya jingine. Ila asome kila mstari, kwani mara nyingi humwongezea mtu ujuzi wa programu ambazo hajawahi kuzigusa na uongozi wa timu ambazo hazikuwepo. Mbele ya wasailiwa wenzake kumi na jopo lililosoma wasifu ule, uongo huo ni wake.

Walimu ndio ninaowatakia zana hizi kuliko wote, kwa sababu mzigo wao wa makaratasi ni mkubwa na wao ndio wenye uwezo wa kuhakiki. Azimio la kazi, andalio la somo, maswali ya majaribio, mashine inaviandaa kwa dakika chache. Kuna mtego mmoja. Tanzania ilianza kutekeleza mtaala ulioboreshwa Januari 2024. Kenya ilianza mtaala wake wa umilisi mwaka 2019 na walimu wake wameandika sana juu yake mtandaoni. Ukiomba andalio la somo kwa Kiswahili bila kufafanua, uwezekano ni mkubwa upewe vipengele na istilahi za Kenya. Piga picha ukurasa husika wa muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania, uuweke, useme ufuatwe huo. Baada ya hapo ongeza mazingira ya wanafunzi wako. Mwalimu wa Baiolojia wa Maswa anaweza kuomba mfano wa utando wa chakula kwa wanyama wa Pori la Akiba la Maswa. Mwalimu wa Hisabati wa Lamadi anaweza kuomba maswali ya asilimia yanayotumia mauzo ya dagaa wa Ziwa Victoria. Na kwa kuwa sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza, kazi ambayo peke yake inatosha kumfanya mwalimu aifungue mashine ni hii: kumwandalia maelezo ya dhana moja kwa Kiswahili rahisi kandokando ya Kiingereza cha mtihani. Mwanafunzi anayeielewa dhana kwa lugha anayoiota ataikumbuka kwa lugha atakayoulizwa.

Katika lugha yenyewe, angalia mambo mawili. Kiswahili cha mashine mara nyingi ni Kiingereza kilichovaa kanzu: sentensi ndefu, "ni muhimu kutambua kwamba" kila aya, maneno ambayo hakuna anayeyatamka sokoni. Iambie itumie sentensi fupi na Kiswahili cha Tanzania, kisha soma matokeo kwa sauti. Pale ulimi unapokwama, andika upya mwenyewe. La pili ni Kisukuma. Ukiomba tangazo la mkutano au maneno ya kadi kwa Kisukuma, utaletewa maneno yaliyochanganywa na ya lugha jirani, mengine yaliyobuniwa. Usichapishe hata mstari mmoja bila kumsomea mzee.

Picha nazo zina mambo yake. Mwenye saluni, mama lishe, mchapaji wa kadi za michango na fundi wa mabango wanaweza kupata picha nzuri bila kulipa mpiga picha. Maelekezo mazuri ya picha yanataja nani, anafanya nini, amevaa nini, yuko wapi, ni saa ngapi ya siku, na kamera iko mbali kiasi gani. "Mama wa Kitanzania wa makamo, amevaa kitenge na kilemba, anakaanga samaki kwenye sufuria kubwa kando ya barabara ya lami, jua la jioni, picha ya karibu" itakupa kitu cha kutumia. "Mama lishe" peke yake itakupa chochote. Maneno usiyaache kwa mashine. Inaweza kuandika Kiswahili kwa herufi zilizopinda, ikakupa "Karibuni" yenye u mbili. Omba picha isiyo na maandishi, kisha jina la duka na namba ya simu viongezwe kwa mkono katika programu ya kupanga mabango. Kagua vidole, meno, na bendera ya taifa, ambayo mara kwa mara hutoka na rangi zilizobadilishana nafasi.

Linaloniuma zaidi ni jinsi mashine hizi zinavyotuona. Omba picha ya ngoma ya Wasukuma na mara nyingi utaletewa watu wenye shuka nyekundu na shanga za shingoni, yaani Wamasai, kwa kuwa hao ndio waliopigwa picha nyingi na watalii. Vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinavyoshindana kuvuta umati, Bayeye wanaocheza na nyoka, mavazi na ngoma zinazohifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, hayo hayamo au yamo kwa uchache usioonekana. Bango la tamasha la Bariadi lenye Wamasai bandia ni aibu kwa waandaaji, na watoto watakaolitazama watajifunza kuwa sura yao haifai bango. Pale jambo linapohusu utamaduni wetu, mpeni kazi mpiga picha wa Bariadi. Vivyo hivyo kwa bidhaa: anayeuza mchele au ng'ombe apige picha ya mchele wake na ng'ombe wake. Picha ya kutengenezwa ya bidhaa halisi ni udanganyifu kwa mnunuzi.

Kusambaza picha au sauti bandia ya mtu halisi akifanya asilofanya kunaweza kuwa kosa lenye adhabu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtoza anayesambaza taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Na matapeli waliozoea kutuma ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" sasa wanaweza kuandika Kiswahili safi na kuiga sauti ya mwanao. Ukipigiwa na sauti unayoifahamu ikiomba pesa kwa haraka, kata, kisha umpigie mwenyewe kwa namba yake uliyoihifadhi. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040, na piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Hatari nyingine ni jinsi watu wanavyojianika wenyewe kwa urahisi. Namba ya NIDA, namba ya siri ya simu, majibu ya vipimo vya hospitali, majina na alama za wanafunzi, hivyo havipaswi kuingia kwenye chatiboti. Mwalimu anayetaka uchambuzi wa matokeo aandike Mwanafunzi 1, Mwanafunzi 2. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume inayoisimamia. Lakini taarifa uliyoituma kwa hiari yako kwenye kompyuta zilizo ng'ambo ni vigumu kuirudisha. Kwenye steshenari hatari ni ya karibu zaidi. Ukitumia akaunti yako pale, toka kabla ya kuondoka, na ufute wasifu wako kwenye kompyuta na kwenye flashi yao.

Kuhusu kulipia, toleo la kulipia la ChatGPT lilianza mwaka 2023 kwa dola 20 kwa mwezi, na kwa watu wengi wa mkoa huu sioni haja. Matoleo ya bure yanatosha kwa kila kazi niliyoitaja hapa. Maandishi hula bando kidogo. Picha hula zaidi, kwa hiyo fikiria maelekezo yako vizuri kabla ya kubonyeza badala ya kuomba picha ishirini na kuchagua moja.

Mengi ya niliyoyaeleza yanategemea karatasi: kipeperushi cha pamba, muhtasari wa somo, mwongozo wa mikopo. Karatasi hizo zipo, ila nyingi zimefungiwa ofisini au zimechapwa nakala chache zinazoishia kwa viongozi wa vijiji. Kama Bodi ya Pamba, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) cha Ukiriguru na halmashauri zetu sita zingeweka miongozo yake ya kila msimu mtandaoni, kwa Kiswahili chepesi na kwa maandishi yanayosomeka badala ya picha zilizofifia, faida ingekuwa mara mbili. Mkulima angekuwa na kitu sahihi cha kuipa mashine leo, na mashine za kesho zingejifunza pamba ya Simiyu kutoka Simiyu. Mvua za kupandia huanza Novemba. Miongozo iwekwe kabla ya hapo, na wewe msomaji, ukiwa na kipeperushi chochote cha afisa ugani nyumbani, kipige picha leo na ukitume kwenye kundi la kijiji chako.